Ogada Hakwenda Jinja

Katika ukoo wa Alfayo, kule Uyoma kando ya ziwa, kulikuwa na jina moja ambalo watu hawakulitaja wakila. Jina lenyewe ni Ogada, babu wa baba yake. Serikali ya Mwingereza ilimchukua mwaka wa elfu moja mia tisa kumi na sita akabebe mizigo ya vita, na hakurudi.

Vita vilipokwisha, karani wa bwana DC alifika na baiskeli akamsomea mkewe karatasi: mumeo amebaki Jida, ng'ambo ya maji. Kisha akaikunja karatasi yake akaenda nayo. Mama yule ng'ambo aliyoijua ni ya ziwa, na watu walipomuuliza amebaki wapi, wao walisikia Jinja, mji wa ng'ambo ile. Basi ikawa Jinja. Na mwanamume mwenye nguvu akibaki Jinja, kwenye ndizi nyingi na wanawake wenye mikungu yao, nani atasema amekufa? Walisema ametoroka.

Mwanawe Zacharia alikua akizomewa kisimani. "Mwana wa mtoro! Baba yako anakula matoke!" Alipopata nguvu alipanda meli akamtafute. Miezi mitatu alizunguka Jinja nyumba kwa nyumba akiuliza, na alirudi vile alivyokwenda. Siku hiyo aliapa kwamba mtoto wa nyumba yake hataitwa Ogada, na kwao Waluo, mtu asipopewa mtoto wa jina lake ni kama hakuzaliwa. Zacharia alikufa na kinyongo hicho, Mungu amrehemu.

Hayo yote Alfayo alisimuliwa na shangazi yake Selipher, binti Zacharia, aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Selipher alikuwa na neno moja dogo alilopenda kuongeza.

"Lakini nyanya mwenyewe hakuwa anasema Jinja. Alikuwa anasema Jida. Sisi watoto tulikuwa tunamcheka, tunasema ni zile pengo."

Maana wazee wa zamani waling'olewa meno sita ya chini, ndiyo ilikuwa alama ya Mluo aliyekomaa.

Alfayo alikwenda Riyadh akafanya kazi miaka mitatu katika ghala la saruji, na Wakenya wenzake. Wao mji mmoja wa pwani ya nchi hiyo waliuita Jeda, kama Kiingereza kinavyouandika. Halafu akahamishwa kuendesha gari la familia moja, na mama mzee wa nyumba hiyo alikuwa mzaliwa wa mji huo. Asubuhi moja, Alfayo akifuta vioo, mama akatokea mlangoni.

"Alfayo, bukra, kesho, Jidda. Asubuhi na mapema."

Kitambaa kilimponyoka. "Wapi, madam?"

"Jidda! Jidda! Miaka mitatu hujui Jidda? Kwenye bahari!"

Alfayo akakumbuka somo la shule, kwamba katika vita vile Mwingereza alipigana pia na Mturuki. "Madam, samahani. Waturuki waliwahi kukaa hapo?"

Mama alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Bibi yangu alizaliwa wakati Mturuki ndiye mkubwa wa mji. Wewe dereva au mwalimu? Yalla, maliza vioo."

Jioni alipiga simu nyumbani. Selipher alikuwa kitandani, moyo umechoka na miguu imevimba, na daktari alishawaambia wamtunze tu.

"Waya," alisema, kwa maana shangazi kwao huitwa hivyo, "una hakika nyanya alisema Jida?"

"Unaniuliza ya nyanya na miguu yangu iko kama mitungi? Jida. Mbona?"

"Kuna Jida huku. Iko ng'ambo ya maji, lakini ya chumvi. Na Mwingereza alipigana na Mturuki hapo."

Selipher alipumua kwa shida. "Nenda ukaulize. Kama alikufa, nataka kujua kabla sijalala. Baba yangu alimlaani mtu huyo, Alfayo. Fanya haraka."

Mwendo ule ulikuwa wa kutwa nzima, jangwa upande huu na jangwa upande ule, na Alfayo aliuendesha akiomba kimoyomoyo. Mama aliteremkia kwa dada yake, mtaa wa Ruwais. Ijumaa baada ya chakula akampa dereva ruhusa mpaka saa kumi, na Alfayo akamtafuta Lawrence, mlinzi Mkenya aliyekaa mtaa wa Ghulail.

"Kaburi la miaka mia?" Lawrence alisema. "Ndugu yangu, hapa mimi hata viatu vya mwaka jana sivioni. Lakini kuna mzee mmoja huko Balad, mji wa kale, ukoo wao ni wachukuzi wa bandari tangu zamani. Twende, akitufukuza tutakunywa chai."

Walimkuta mzee, Ami Idrisi, mweusi kama wao, ameketi kwenye kivuli cha nyumba kuukuu ya mawe ya bahari. Lawrence ndiye aliyetafsiri. Mzee alisema babu yake aliona kwa macho. Mturuki alikuwa ameshika nchi hizi karne na karne, lakini sasa amedhoofika, na Mwingereza alikuwa akimtazama kama jirani anayetazama ng'ombe za mtu anayekata roho. Akampelekea Sharifu wa Makka ujumbe: mfukuze Mturuki, ufalme utakuwa wako. Na huku nyuma alikuwa ameketi na Mfaransa wanachora mistari kwenye ramani, hiki changu, hiki chako.

"Meli zake zilipiga mji kwa mizinga siku kadhaa," mzee alisema. "Mturuki akasalimu amri. Halafu ikawa unga, bunduki, masanduku, kutwa kucha. Wachukuzi hatukutosha, Mwingereza akaleta weusi wake kutoka kusini. Kila mmoja na kibati shingoni. Homa ikawaingia, wakafa."

"Muulize kama walijulikana majina," Alfayo alisema.

Mzee alitikisa kichwa. "Nani angewauliza? Babu alikuwa anatuchekesha tu, anasema wengine hawakuwa na meno ya chini. Sita hakuna, yameng'olewa sawasawa. Wanakula mkate upande upande." Akacheka, Lawrence naye akacheka. Kisha Lawrence akamwona mwenzake usoni, akaacha.

"Walizikwa wapi?" Alfayo aliuliza.

Mzee alinyoosha fimbo. Nje ya ukuta wa zamani, mchangani, upande wa kusini. Ukuta ulishabomolewa. Walipofika palikuwa ni lami, magari yamepangwa kwa mistari myeupe, na Mbengali mmoja anafagia.

Alimpigia Selipher palepale, akamweleza yote, mpaka meno.

"Kwa hiyo hakututoroka," alisema Selipher.

"Hakututoroka, Waya. Alikuwa akibeba tu."

"Abebe ufalme wa nani, jamani? Si wake, si wetu. Uko hapo sasa hivi? Umelia?"

"Bado."

"Lia, Alfayo. Huko hakuna aliyemlilia."

Alfayo alifungua mdomo. Mwanamume wa miaka arobaini, katikati ya magari ya watu, katika nchi ambayo sauti ya mgeni haitakiwi ipande. "Waya, siwezi."

"Basi niweke kwa sauti kubwa."

Aliiinua simu juu. Na kutoka kitandani Uyoma yule mama mgonjwa akapiga nduru, ile ndefu ya kwao ya kumlilia mwenye boma, akilitaja jina lililokatazwa. Ogada, babu yangu! Ogada! Mbengali akasimamisha ufagio. Lawrence akavua kofia. Hapo ndipo machozi yalipomtoka Alfayo, akachuchumaa kati ya magari mawili. Simu ya madam ikaanza kuingia juu ya ile, akaiacha ilie.

Selipher alipopata pumzi alisema, polepole, kwamba mtoto wa Danson, mdogo wake Alfayo, anayetarajiwa mwezi ujao, akiwa mvulana, ni Ogada. Halafu akasema, "Lakini baba yangu maskini. Amekaa huko na hasira miaka yote hii. Nani atamwambia?"

Alfayo alijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Nitamwambia mimi," alisema Selipher.

Jumanne alimfuata baba yake.