Mtoto wa Kwenye Pakiti

Juzi nilifungua pakiti ya unga wa uji jikoni kwangu mjini Kisii, na harufu ya vanila iliponiingia puani ikabidi niketi kwanza. Harufu humrudisha mtu nyumbani bila nauli. Hiyo ilinipeleka moja kwa moja Kebirigo, mwaka ule ambao mdogo wangu Momanyi alikataa katakata kunenepa.

Momanyi alikuwa ametoka kuugua. Homa ilikwisha, lakini ilimwacha na shingo nyembamba na macho makubwa yaliyotutazama kama ya mgeni asiyejua atalala wapi. Kila aliyepita kwetu alimwangalia, akashusha sauti, akamwambia mama, "Pole, Mama Kemunto." Kemunto ndimi. Magokoro, ndivyo tulivyomwita mama yake baba, alimpikia uji wa wimbi, mweusi na mchachu, ule uliotulea sote. Momanyi alifunga mdomo kama mlango wa duka siku ya Sabato.

Basi siku moja ya soko likaja gari la rangi ya manjano lenye spika kubwa juu yake. Kijana mwenye kofia alicheza huku akiusifu unga mpya wa uji, na wenzake wakagawa vikombe vidogo vya plastiki ili watu waonje. Nilionja. Nikazunguka nyuma ya umati, nikaonja tena. Wallahi, ndugu msomaji, sikuwa nimejua kwamba uji unaweza kuwa mtamu kama peremende. Na kwenye kila pakiti palikuwa na picha ya mtoto mnene, mashavu yamefura kama mandazi, akicheka kwa meno mawili.

Yule kijana alimwona mama akiwa na Momanyi mgongoni. Akaacha kucheza.

"Mama, huyu atapona!" spika ikanguruma. "Mwezi ujao utashindwa kumbeba!"

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alinunua pakiti, akaikumbatia njia nzima ya kurudi nyumbani.

Magokoro alipoiona alitamka neno la Kikisii ambalo baadaye mwalimu alitufundisha kwa Kiswahili: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. "Na hiki," akaongeza, "kimetembezwa kwa gari." Tangu hapo jikoni mwetu mkawa na sufuria mbili za uji, na wapishi wawili wasiosemezana. Momanyi alilamba vijiko vichache vya ule mtamu, kisha akakataa kila kitu kingine. Kilichobaki nilikimaliza mimi, na nikanenepa kwa niaba yake.

Lakini mimi nilishughulishwa zaidi na yule mtoto wa kwenye pakiti. Mama yake ni nani? Anaishi Nairobi? Akilia, hulia kwa lugha gani? Rafiki yangu wa shule aliapa kwamba ni mtoto wa mwenye kiwanda, ndiyo maana amenenepa vile. Kila mara mama aliponunua pakiti mpya niliinama kumchunguza mdomoni, kama vile watu wanavyomkagua ng'ombe mnadani.

Asubuhi moja mama alikuwa akikoroga uji, Magokoro yuko mlangoni anachambua mboga. Sikuweza kuvumilia tena.

"Mama, mbona huyu mtoto hakui?"

"Mtoto gani?"

"Huyu wa pakiti. Tangu tuanze kununua unga ana meno yale yale mawili. Hata Momanyi wetu ameota mengine. Ama yeye hapewi huu uji?"

Mwiko ukasimama. Aliyeangua kicheko kwanza ni Magokoro. Kisha mama naye akacheka, akacheka mpaka akaketi kwenye kigoda, leso machoni, na mahali fulani katikati kile kicheko kikageuka kilio. Magokoro akaacha mboga zake chini, akaenda akamshika mabega. Nilisimama pale nikijiuliza nimesema nini.

Kesho yake walikwenda zahanati pamoja. Muuguzi alimpa Momanyi dawa ya minyoo, akasoma maandishi ya nyuma ya pakiti, akasema, "Si sumu. Ila mnamshibisha sukari." Akawaambia wampe chakula cha nyumbani, kidogo kidogo, mara nyingi.

Magokoro ndiye aliyepata njia. Alipika uji wa wimbi kwa maziwa, na ulipoiva akanyunyizia juu kijiko cha ule unga wa vanila. "Tuidanganye pua," akasema, "tumbo litashukuru." Momanyi akanusa. Akafungua mdomo. Siku zilivyokwenda kijiko kikawa nusu, nusu ikawa chembe, na chembe ikatoweka bila mwenyewe kugundua. Leo hubeba mkungu wa ndizi begani peke yake hadi kwenye lori, na hakumbuki lolote.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mama alidanganywa na spika. Desemba iliyopita, tukimenya maharagwe, nikamuuliza.

"Mama, kweli ulimwamini yule kijana?"

"Nimwamini vipi? Hata yeye mwenyewe alikuwa mwembamba." Akatupa ganda kando. "Lakini wewe hukujua siku zile. Kila mtu alikuja kuniambia pole, kana kwamba wameshachimba kaburi. Soko zima, yeye peke yake ndiye aliyesema mtoto wangu atapona."

Akaendelea kumenya. Utotoni niliona unga na picha tu. Mama alikuwa amenunua yale maneno, na sijui kama siku ile angeyapata kwingine.