Anayezima Seva Ili Maziwa Yasigande

Maziwa ya asubuhi yanamiminwa kwenye tangi la kupozea, na foleni ya wafugaji imefika getini, umeme unapopotea. Kila mtu anamtafuta Kuluthum Hanif.

Kuluthum ni fundi wa kompyuta katika ushirika mmoja wa maziwa ukingoni mwa Nakuru. Haendi kwenye jenereta. Anakimbilia chumba cha seva, ambazo betri bado inazishikilia, buibui likipepea nyuma yake.

Jenereta ni kuukuu. Haiwezi kubeba tangi na seva zote nne. Lakini kazi za ofisi, kuanzia mizani hadi malipo, hufanywa na mashine pepe, yaani kompyuta zisizo na mwili zinazoishi ndani ya seva. Kuluthum huzihamishia zote kwenye seva moja bila kuzikatiza kazi, kisha huzima nyingine.

“Ni kama loji ya Salgaa,” anasema akicheka. “Wageni ni wanne, mbona uwashe stima kila room? Waweke floor moja, kwingine zima!”

Si wote waliomwelewa. Mwaka jana Kosgei, msimamizi wa tangi, alikuta seva kimya wakati kama huu, akaziwasha zote. Jenereta ikalemewa, ikazimika. Maziwa yakaganda, yakamwagwa, na Wariara, mfugaji wa Mau Narok, akalia mbele ya watu.

“Mimi najua injini ikinyamaza imekufa,” Kosgei anajitetea akikuna kichwa. “Nilidhani namsaidia.”

Kosa moja haliachi mke, na Kuluthum hakumnunia. Ila leo Wariara yuko kwenye foleni, na ameapa kwamba maziwa yakiharibika tena, atahamia kwa mabroka, madalali wa maziwa. Kuluthum anahamisha mashine pepe ya mwisho.

Seva tatu zinanyamaza. Kosgei, aliyemfuata Kuluthum, anazitazama, anatia mikono mfukoni, anaziacha. Nje, jenereta inakohoa, inashika. Tangi linavuma, mizani inawaka, na Kuluthum anapiga makofi peke yake.

Sasa anapanga kuzifundisha seva kujipanga zenyewe umeme ukipotea, hata akiwa nyumbani, ili ushirika uanze kupokea maziwa ya jioni. Kwa sasa wengi huwapa ndama maziwa hayo.

Wariara, mtungi mtupu mkononi, anachungulia mlangoni.

“Hiyo ya jioni mtaanza lini?”

“Mwezi ujao, mathe, inshallah.”

“Basi ile ng'ombe nilikuwa nauza,” anasema Wariara, “siuzi tena.”