Kura ya Saa Saba

Ukitaka kunitibua hadi leo, nitajie tu neno tenda.

Shule ninayofundisha iko Bumula, huku Bungoma, ni ya kutwa. Wanafunzi wetu wengi hutoka nyumbani alfajiri na kikombe cha chai ya rangi tumboni, na chakula chao cha maana ni githeri ya shule, mahindi yaliyochemshwa na maharagwe. Mwalimu mkuu aliniweka kwenye kamati ya chakula kwa sababu, alisema, nina mdomo. Muhula huo mdomo wangu haukunifaa kitu.

Aliyeshinda tenda ya mahindi alikuwa mfanyabiashara wa Kitale. Bei yake ilikuwa ya chini kuliko zote, na sheria hupenda bei ya chini. Alileta mzigo mmoja, mahindi yenyewe yana unyevu na yananuka ukungu, tukamrudishia. Tangu hapo simu yake ikawa inaita bure. Akiba ya ghalani ikaisha, jiko likazimwa. Nikaenda Kitale mwenyewe, nikamkuta mlangoni pa bohari lake akipiga gumzo, nyuma yake magunia yamefika darini.

"Ah, mwalimu! Karibu. Mahindi yenu iko njiani."

"Njia gani? Si mimi nimetoka hiyo njia saa hii?"

Akacheka, akaniagizia soda. Niliinywa, maana nilikuwa na kiu, lakini nilirudi nimefura kama andazi.

Na ng'ambo ya ua wa shule anaishi mama mkulima mwenye mahindi makavu, ukiyatikisa yanalia. Nilimsihi mwalimu mkuu tununue kwake, japo ya wiki moja.

"Hana cheti cha kodi, mwalimu. Wakaguzi wakija nitawaambia nini?"

"Waambie watoto walikula."

Akafunga faili ya tenda. Si mtu mbaya. Anaiogopa kazi yake, kama sisi wengine tunavyoziogopa zetu.

Mwishowe bodi ya shule ikaitwa, pamoja na sisi wa kamati, iamue: tuvunje kandarasi na kununua kwa yule mama, au tuzidi kumngoja wa Kitale. Wajumbe walikuwa wamegawanyika, kwa hivyo mwenyekiti akasema tutapiga kura. Mwenyekiti wetu ni mzee wa hapa hapa Bungoma, mtu wa heshima zake, ila r na l kinywani mwake hazijawahi kutengana. Asubuhi ya mkutano alisimama langoni akamwagiza askari, ambaye ndiye hutupigia kengele.

"Saa saba ni kula, kwa ukumbi wa chakula. Ambia watu wote. Mtu asikose, bana."

Askari naye aulize nini? Alifurahi, akapita darasa baada ya darasa akitangaza.

Saa saba tulikuwa tumeketi ukumbini, vikaratasi vya kura vimeshakatwa, kengele ikalia. Wanafunzi wakaingia mbio. Sikuelewa kitu mpaka walipopanga foleni mbele ya dirisha la jikoni, kila mmoja na sahani yake inayodondosha maji. Mpishi akatutazama sisi. Sufuria zake zilikuwa zimepinduliwa tangu Jumatatu.

"Nilisema kula!" mwenyekiti akafoka. "Kula! Ile ya kupiga!"

Foleni nzima ikaangua kicheko, na wajumbe wawili watatu wakacheka pia. Mimi nilitamani kuipindua meza. Nikasema waachwe humo humo, tupige hiyo kura wakituona. Mwalimu mkuu akaamuru watoke, wakaenda kusimama nje, madirishani, na sahani zao.

Tukapiga. Wa Kitale akashinda kwa kura moja, akaongezewa muda, ati tukivunja kandarasi atatushtaki. Kisha nikatumwa mimi nikawaeleze wanafunzi, kwa kuwa nina mdomo.

Nikasimama barazani nikawaambia hapakuwa na chakula, askari alisikia vibaya, ilikuwa ni kura ya bodi. Kura. Niliitamka hiyo r mpaka ulimi ukaniuma, na hasira yote niliyokuwa nayo iliishia kwenye herufi hiyo moja. Msichana wa kidato cha kwanza aliyekuwa mbele alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Na mmemaliza, mwalimu?"

"Tumemaliza."

"Basi tunaweza ngoja chakula," akasema. "Sahani tumeshaosha."