Siku Nilipouza Leso za Mutiso Bila Kumuuliza

Hii aibu bado haijaniisha, na wale waliokuwa Sugar Land siku hiyo wakinisalimia kanisani mimi huangalia viatu vyao, kwa hivyo wacha niwasimulie mwenyewe kabla hamjaipata kwa mtu wa kuongeza chumvi.

Mutiso alisoma na ndugu yangu mdogo kule Machakos, ananiita dada, na alipokuja Texas alilala kwa kochi langu hapa Euless miezi mitatu kabla hajapata kazi ya kuandika programu kwa ofisi moja kubwa huko Plano. Ni mtu mpole, maneno kumi kwa siku. Kwa wakati wake mwenyewe alikuwa ametengeneza programu ya kuchora leso: unabonyeza, inakuchorea leso mpya, pindo na mji na kila kitu, na haijirudii hata ubonyeze mpaka kidole kiume. Akanitumia faili nzima nichague leso moja, tuichapishe iwe sare ya akina mama wa kanisa. Moja tu. Hayo ndiyo maagizo niliyopewa.

Sasa wakati ule watu walikuwa wameingiwa na wazimu wa kuuza picha mtandaoni, zile NFT, mtu ananunua picha ambayo hata hawezi kuitundika ukutani, anapewa tu uthibitisho kwamba ni yake, na akichoka nayo anamuuzia mwingine. Mwenzangu mmoja wa shifti alikuwa ameuza picha ya paka wake, nikajiambia, kama paka ameuzika, je, leso za Mutiso? Nikaziweka ishirini, kwa jina langu, kwa sababu fomu ilitaka jina (na kwa sababu, wacha niseme ukweli, lilipendeza pale). Yule mwenzangu akanishauri niweke kando ya kila leso ukurasa mmoja wa programu yenyewe, wanunuzi waone jasho la aliyeiandika. Nikaweka. Sikusoma. Ilikuwa mistari ya bluu na kijani, na katikati mistari ya kijivu ya herufi ndogo ndogo, na mimi ninayesoma mwandiko wa madaktari kila siku nikaona hayo yote ni mambo ya kompyuta.

Kumpigia simu kungenichukua dakika mbili, lakini nilitaka kumshtukiza.

Nne zikanunuliwa na watu nisiowajua, kichwa kikafura. Kulikuwa na harambee ya kununua jengo la kanisa, watu wa Dallas na wa Houston pamoja, kwenye ukumbi mmoja Sugar Land, na mnajua harambee zetu, keki moja inapigwa mnada mara sita na bado haijakatwa. Nikaiambia kamati mwaka huu hakuna keki, tutauza leso kwa projekta. Mutiso na mkewe Mwikali nikawabeba kwa gari langu, mwendo wa saa nne, na Mwikali alilala njia nzima kwa sababu alikuwa ametoka shifti asubuhi hiyo (ni nesi kama mimi).

Leso ya kwanza ilipotokea ukutani watu walipiga makofi. Nikashika maikrofoni, nikasema hii ni kazi ya ndugu yetu, Mutiso simama watu wakuone. Akasimama nusu. Alikuwa anaangalia ule ukurasa ukutani, anatikisa kichwa polepole, nikadhani ni haya. (Yule mtu alikuwa ananiomba nizime, na mimi nikampungia mkono.)

Mwendesha mnada wetu, Karanja, mdomo wake hauna breki. "Kumbe kompyuta nayo inajua Kiswahili," akasema, akaikuza ile mistari ya kijivu, akasoma kwa sauti ya mnada: "Wiki ya tisa tangu wanifute. Pindo limekubali, mji bado."

Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha. Akaendelea kwa sababu hakuna aliyemzuia, na mimi ndiye nilikuwa karibu naye: "Leo tena nimevaa tai nikaja kukaa maktaba. Mwikali anaongeza shifti akidhani tunaweka akiba ya nyumba. Nikipata kazi nitamwambia mwenyewe."

Nikabonyeza haraka niiondoe, ikaja leso ingine, na hiyo nayo ilikuwa na mistari yake ya kijivu, ile ambayo mwandishi wa programu hujiandikia mwenyewe na kompyuta huiruka: wiki ya kumi na moja.

Mwikali hakupiga kelele. Alimgeukia mumewe akamuuliza, kwa sauti ya chini ambayo ukumbi mzima uliisikia, "Sasa kile chakula nakufungia kila asubuhi, unakulanga wapi?"

"Kwa gari," Mutiso akasema.

Na kurudi ilikuwa ni kwa gari langu. Saa nne zingine, yeye mbele, mkewe nyuma, redio sikuthubutu kuiwasha. Tulipokaribia Corsicana nikaanza, jamani mimi nilitaka tu kusaidia, na Mwikali akanikatiza.

"Hiyo habari nilitakiwa niambiwe jikoni kwangu."

Mutiso akasema, "Dada, Jumanne inayokuja nina interview." Akarudi kuangalia barabara.

Interview alienda, kazi hakupata. Siku hizi anaishi kwa binamu yake Houston, Mwikali na watoto wako Plano, na mimi nikipiga simu kwa yeyote kati yao inaita mpaka inakatika. Zile leso kumi na sita niliziondoa mtandaoni, lakini zile nne zilizouzwa hazitoki, ni mali ya wenyewe. Niliwaandikia wanirudishie. Mmoja tu alijibu, akasema ile mistari ya kijivu ndiyo anayoipenda zaidi, ingawa hajui imesema nini.

Nimeapa sitagusa tena cha mtu mpaka nisikie ndiyo kutoka kinywani mwake, hata kama ni cha kumletea sifa. Lakini juzi nikiwa kazini simu ikalia, ujumbe kutoka kwa ile tovuti, umeandikwa jina langu kamili. Hongera, kazi yako imeuzwa tena.