Kasyoki Si Mvivu

Kasyoki ni mke wa mwanangu Kahiga, na mama ya mjukuu wangu Mwende. Kwao ni Mwingi. Alipoletwa hapa Tetu watu walisema ati mtu wa nchi kavu hawezi baridi yetu. Aliiweza. Kwa kuchuma majani chai hakuna mwanamke wa kilima hiki alimshinda, na ng'ombe wangu hawakubali kukamuliwa na mtu mwingine. Nasema haya kwanza, ili anayesoma ajue ni mtu gani walimwita mvivu.

Korona ilimlaza kidogo, akaamka, tukamshukuru Mungu. Lakini hakuamka mzima. Akipanda kutoka mtoni anasimama katikati ya njia, mkono kifuani. Akilala chali, kitu kinamchoma nyuma ya mfupa wa kifua, na akivuta pumzi kinazidi. Akawa analala ameketi, ameegemea mto aliouweka juu ya magoti. Kemisti akampa dawa ya asidi. Akameza, haikusaidia kitu.

Sasa sikiza upumbavu wa watu. Huku kwetu mwanamke hubeba kuni mgongoni, kamba inapita kwenye paji, na anatembea ameinama. Kasyoki akiinama hivyo, yale maumivu yanapungua. Basi watu wakaona anapita na mzigo wa kuni, kimya, na akifika nyumbani akipumzishwa kitandani analia.

Kagure, dada ya marehemu mume wangu, ndiye alianza. Aliketi kwangu, akanywa chai yangu, akasema kitanda ndicho kinamuumiza huyo msichana, mzigo ndio dawa yake. Wanawake wa kikundi chetu, waliokuwa wamekuja siku hiyo, wakacheka. Mwanangu naye, niliyemzaa mimi, akalibeba hilo neno. Akaanza kumwongezea kazi: nyasi ya ng'ombe, mitungi ya maji, kikapu cha majani mpaka kituo cha kupimia chai. Nilipomgombeza alinijibu ati si ni Kasyoki mwenyewe anasema akibeba maumivu yanapungua? Hakuwa anamwona jioni akihema kama mtu aliyefukuzwa na nyuki.

Mwishowe Kasyoki alianguka katikati ya shamba la chai. Nilisimamisha pikapu ya maziwa nikamwambia dereva ashushe mitungi yake, akashusha, tukaenda Nyeri.

Daktari alikuwa msichana mdogo anaitwa Adhis. Alimuuliza Kasyoki akiinama mbele inakuwaje. Akasema inapungua. Akamuuliza kama aliwahi kupata korona. Akamwinamisha, akaweka kile chombo kifuani, akasikiliza mpaka nikaogopa. Wakampiga picha ya moyo. Kisha akatueleza pole pole: moyo umefunikwa na ngozi nyembamba, na hiyo ngozi imevimba, na kuna maji kidogo ndani yake. Ameona wengine ambao korona iliwaachia shida hiyo. Kilichompa nafuu ni kule kuinama, si mzigo. Mzigo ulikuwa unautesa moyo mgonjwa. Akampa dawa za kupunguza uvimbe, akasema asibebe kitu, asilime, asichume, mpaka yeye daktari aseme.

Nilirudi nikawaita Kahiga na Kagure nikawaeleza neno kwa neno. Kagure akakunja mdomo, ati madaktari wa siku hizi wanapenda kutisha watu. Kahiga alitazama chini, nikafikiri ana aibu. Kumbe alikuwa anafikiria chai.

“Lakini mama,” akasema, “si achume tu pole pole? Akiinama haumii.”

Niliinuka. Sijui ningefanya nini, maana mkono wangu bado una nguvu. Lakini Kasyoki, ambaye tangu aolewe hajawahi kumpandishia mume wake sauti, alisema pale kwenye kiti chake:

“Baba Mwende, kikapu kiko nyuma ya mlango. Enda wewe uiname.”

Kagure akasema mwanamume hafungwi kamba ya kichwa. Nikamwambia basi abebe kwa mabega, au kwa meno, au Kagure amsaidie kwa sababu mzigo ni dawa.

Jumatatu Kahiga alienda. Wanawake walimcheka kituoni, wakamuuliza kama ameolewa. Karani wa mizani akamwaga nusu ya majani yake, ati amechanganya na makuukuu. Alirudi amekasirika, mgongo hauwezi kunyooka, nikampa chai na sikumpa pole. Jumanne akaenda tena.

Kagure anatangaza kanisani kwamba mkaza mwanangu amenitawala. Atangaze. Juzi daktari alisema uvimbe unashuka lakini haujaisha, na unaweza kurudi mtu akiharakisha. Kila wiki kuna mtu anakuja kwa boma yangu kuuliza, kwa sauti tamu, Kasyoki atarudi shambani lini. Namwambia aende Nyeri akamuulize daktari, na akirudi apitie chini shambani, amsaidie Kahiga.