Wimbo wa Nyamizi

Mnisamehe herufi mbaya na mwandiko unaopinda. Niliishia darasa la saba, na ninaandika polepole.

Mwanangu, ipo siku moja ya miaka ya sabini ambayo haijanitoka. Kaka yangu Masanja alishuka kwenye basi pale Ushirombo akitokea Shinyanga, alikokuwa akisomea ualimu, na jarida la chuo chao kwapani. Ndani mlikuwa na makala yake kuhusu nyimbo zetu za kulimia. Tukaenda nalo kwa mjomba Nkwabi, manju wa kijiji, mtunzi na kiongozi wa nyimbo za ngoma, ambaye likizo iliyopita alimkalisha Masanja uani akamwimbia na kumweleza kila wimbo. Mjomba hakujua kusoma. Nikapewa mimi nimsomee, ingawa nilikuwa naona haya hata kusalimia wageni.

Nikasoma mpaka kwenye wimbo wa baba anayemwita binti yake arudi kutoka kisimani, jembe lake dogo linamngoja. Hapo Masanja alikuwa ameandika kwamba ni wimbo wa kale, mtunzi hajulikani. Kisha yakafuata maelezo ya mjomba, neno kwa neno, kana kwamba ni mawazo ya Masanja mwenyewe.

"Soma tena hapo, mama," mjomba akaniambia.

Nikasoma.

"Mtunzi hajulikani," akarudia taratibu. "Masanja, mimi sijulikani? Ulikula ugali hapa likizo nzima."

"Na maziwa," mkewe akaongeza.

Masanja akatazama chini. "Mjomba, nyimbo za ngoma ni za wote."

"Za wote kuimba. Lakini uwanjani ukitaka kuimba wa mwenzako, unanyamazisha ngoma kwanza, unamtaja. Usipomtaja, wapigaji wanaondoka na ngoma zao, unabaki peke yako. Ule niliutunga tulipomzika Nyamizi. Nilikwambia."

Nyamizi alikuwa binti yao wa pekee. Alikufa kwa surua.

Masanja hakumaliza likizo. Alirudi chuoni, akaenda mwenyewe kumweleza mhariri wa jarida. Akatakiwa aandike maelezo, kisha kamati ya jarida ikakaa. Wakamwambia kwamba kuchukua maneno au mawazo ya mtu bila kumtaja ni wizi, hata kama mwenyewe aliyasema kwa mdomo tu, hata kama hajui kusoma. Kutumia ya mwenzako kunaruhusiwa, ila lazima ionekane wapi yameanza, wapi yameishia, na ni ya nani. Makala ikaondolewa, na Masanja akazuiwa kuandika humo kwa muda. Toleo lililofuata lingetangaza hayo mbele ya wasomaji wote.

Toleo hilo lilikawia. Lilipofika, mjomba alikuwa hainuki kitandani. Nikamsomea kwamba makala imeondolewa, kwamba wimbo ni wa Nkwabi, manju wa Ushirombo, na maelezo yote ni yake. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaendelea kungoja.

"Na Nyamizi wamemtaja?"

Nikaupitia ukurasa juu hadi chini. Ilikuwa mistari michache tu.

"Hapana, mjomba."

Masanja alikuwa amesimama mlangoni. "Waliniuliza mtunzi tu," alisema.

Mjomba akageukia ukutani. Tulimzika kabla ya mavuno. Msibani wimbo ule haukuimbwa. Masanja alijaribu kuuanza, akataja jina la mjomba, akataja la Nyamizi, sauti ikamkatika hapo.

Mwanangu, ukiandika, hata kama ni kwa mwalimu wako tu, mtaje uliyechukua neno kwake kabla hujalitumia. Usingoje kuulizwa. Masahihisho yanaweza kuchapishwa baadaye, lakini aliyekupa huenda hatakuwepo kuyasikia, na atakayeyaandika hatajua yote aliyokwambia. Wewe ndiye uliyekaa naye uani.

Mungu akupe ya kwako ya kusema, na ukitumia ya mwingine, akupe moyo wa kusema ulikoyapata.

Nawe uliyefika hapa, niandikie. Kama kwenu kuna wimbo, niambie ni wa nani, na alimtungia nani. Nitasoma polepole, lakini nitasoma.