Kitenge cha Mama

Hapa Kasulu mpaka Kibondo, ukitaka harusi yako ionekane harusi, unanitafuta mimi. Shule niliachia darasa la tano, lakini kwenye rangi za video hakuna mwenye digrii atakayenifundisha. Nilijifunza kwa macho, kwa kuangalia filamu mpaka macho yanauma. Bibi harusi namwongezea njano kidogo, anang'aa kama mtu aliyeshiba asali. Msiba naweka bluu, watu wanalia upya. Na mtu anayekumbukwa, namtoa rangi zote, anabaki mweusi na mweupe. Mteja akiona hivyo haulizi, anajua huyu ametangulia.

Mama yangu nilimrekodi kwake Nyakitonto, anapepeta maharage uani, amejifunga kitenge chake kipya cha ndege. Nilitaka nimtengenezee kitu cha heshima, na kwa akili yangu heshima ilikuwa ni ile ya picha za watu wa kale. Nikatoa rangi. Kesho yake nilikuwa na harusi Makere na kadi ya kamera imejaa, basi nikaifuta ile video ya mwanzo yenye rangi.

Nilipomwonyesha alisogeza uso kwenye kioo cha kompyuta.

"Mwana wanje," akaniita mwanawe kwa kilugha chetu, "mbona umeniweka na wafu?"

"Mama, ndiyo filamu hiyo. Hata Dar wanafanya hivi."

"Mimi bado nakula ugali."

Tukacheka. Mimi nilicheka zaidi.

Mvua za mwaka uleule zilimkuta kitandani, hakuamka tena. Tulimzika na kitenge kilekile. Alishasema hataki kingine. Siku hiyo sikushika kamera.

Baada ya matanga nikataka kumrudishia rangi. Kompyuta inaweza. Udongo wetu mwekundu naujua, maharage nayajua. Nilipofika kwenye kitenge nikakwama, nikampigia dada yangu.

"Kile kitenge cha mama kilikuwa rangi gani?"

"Kaka, si wewe bingwa wa rangi?" Halafu sauti ikashuka. "Njano, nadhani. Au kijani. Mbona unaniuliza kitu kama hicho?"

Nikapaka njano. Kazi safi, hakuna wa kunifikia. Lakini alikuwa mama wa mtu mwingine. Nikapaka kijani, vilevile. Nikafuta zote mbili, nikamwacha na ungo wake, anapepeta.

Siku hizi mteja akiniambia, "Bibi yetu huyu mtoe rangi, apendeze," namuuliza kwanza kama yuko hai.